Mashine Inayowahi Kupata Moto

Heber Olivera alikuwa kuli wa bandari siku sita za wiki na mpiga ngoma siku ya saba. Alipiga ile ngoma kubwa tunayoiita piano, inayonguruma chini ya zote, na mtaa wetu wa Palermo, hapa Montevideo, ulimheshimu kwa mikono yake kuliko kwa maneno yake, maana maneno hakuwa nayo mengi. Saratani ya kongosho ilipomshika alikuwa amestaafu. Ilimla mabega kwanza, kisha mashavu, na kufikia majira ya baridi shati lake lilimning'inia kama limeanikwa.

Mimi naitwa Zully. Nyumba yangu na ya kina Heber ziko ua mmoja, ukuta kwa ukuta. Mkewe, Isaura, ni shoga yangu tangu tukiwa na nywele nyeusi sote wawili. Mengine katika haya niliyaona, mengine niliyasikia bila kutaka, na mengine alinisimulia mwenyewe.

Isaura ni fundi cherehani. Cherehani yake imeelekezwa mlangoni, mgongo wake uko ukutani, penye giza. Mteja mgeni akiuliza kwa nini hakai dirishani kwenye mwanga, hamjibu. Sisi wa mtaani hatuulizi. Zaidi ya miaka thelathini iliyopita, Jumapili moja ya baridi, alikuwa ameketi pale dirishani anamalizia pindo la vazi la mcheza ngoma. Mwanawe wa pekee, Ademir, wa miaka sita, alikuwa anamsumbua ampeleke kwa baba yake, ng'ambo ya barabara, kwenye moto ambapo wapigaji huzipasha ngoma ngozi zikaze kabla ya kutoka.

"Ngoja nimalize pindo hili, mwanangu," alimwambia.

Alipogeuka, mlango ulikuwa wazi. Gari la mkate lilimgonga mtoto kwenye kona ya Mtaa wa Durazno. Dereva hakuona hata mtoto alitokea upande gani. Alichomoka tu katikati ya magari yaliyoegeshwa. Watu wakasema, kwa sauti ya chini lakini isiyo chini ya kutosha, kwamba mtoto kamtoroka mama akimfuata baba. Isaura alikuwa amekwisha kulisema hilo kabla yao. Hakuzaa tena. Heber hakumlaumu hata siku moja, na mtaa mzima ulimsifu kwa moyo wake. Jina la Ademir halikutajwa tena katika nyumba ile. Ningelisikia.

Sasa turudi kwenye ugonjwa. Daktari wa tiba shufaa, ile ya kupunguza maumivu tu, binti mpole aliyekuja kila wiki na mkoba wake, alimpa Heber matone ya mofini. Mofini ilituliza maumivu ya kila saa lakini ilimtapisha. Tena juu ya maumivu ya kila saa kulikuwa na mengine, yaliyokuja ghafla kama mtu anayepiga mlango teke. Hayo hayakungoja matone yashuke tumboni.

"Mkipata bangi, avute mvuke wake," daktari akasema. "Moshi hapana. Moshi utamkohoza, na kukohoa kutampasua. Mvuke unafika upesi na hautamchubua koo."

Kuipata si tabu kwetu, sheria inaruhusu. Pocho, aliyepiga ngoma ubavuni mwa Heber tangu ujana wao, ana miche yake kwenye paa, imeandikishwa serikalini kama gari. Alileta majani makavu kwenye chupa ya jamu, na kwapani alibeba mashine yake ya mvuke.

"Shemeji, hii ni ya kuazima, si ya kurithi," alimwambia Isaura, akijaribu kuchekesha.

Isaura hakucheka. Aliiweka mezani, karibu na kitanda.

Ilikuwa nzito kama pasi ya mkaa. Unaiwasha, taa nyekundu inakaa, inakaa, ndipo kijani inakuja. Halafu upepo wa moto unapita kwenye majani uliyoyasaga na kujaza mfuko wa nailoni mrefu kama mto wa kulalia. Mgonjwa anauvuta mfuko ule taratibu. Pocho huitumia akiwa kwenye karata na rafiki zake, na mcheza karata hana haraka. Kati ya kuiwasha na mfuko kujaa unaweza kuchemsha maji ya mate, chai yetu ya majani inayonyonywa kwa mrija, na kujaza chupa. Kwa mtu asiyeumwa huo ni muda mdogo.

Kwa Heber ulikuwa mrefu. Mara ya kwanza alitukana, yeye ambaye hakuwa na ulimi mchafu. Mara nyingine alimwita mama yake. Kisha adhuhuri moja, nikiwa kwangu nakunja nguo, nilimsikia waziwazi.

"Mtoto alifika, Isaura."

"Nani?"

"Mtoto alifika. Na koti lake la buluu, vifungo wazi, akanivuta..."

Nikasikia mashine ikivuma. Nikasikia pumzi ndefu, na nyingine. Kisha kimya.

Haukupita muda Isaura akawa mlangoni kwangu, aproni bado kiunoni, uso umempauka.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Amekuja kumchukua, Zully. Ademir amekuja kumchukua baba yake."

"Shoga, ni mofini hiyo. Inawaonyesha watu mambo."

"Mofini italijuaje koti?"

Nilimkalisha, nikampa mate, akaishika tu bila kunyonya. Maneno yale yalirudi kesho yake na keshokutwa, kila maumivu yalipompiga na mashine ikiwa bado baridi. "Mtoto alifika." Isaura alianza kuimba kwa sauti ili asiyasikie, mwanamke ambaye hata kanisani hufumba mdomo.

Siku ya tatu akaja amevaa koti lake la misa na mkoba wa ngozi.

"Pocho anasema kuna mashine nyingine, zinawahi kupata moto. Atakaa na Heber. Nisindikize."

Duka la mashine hizo lilikuwa ndani ya jumba la biashara, nyuma ya barabara kuu, katikati ya fundi wa saa na muuza sare za shule. Msichana wa dukani, Maite, alikuwa na nywele za kijani na pete puani. Alituona akatabasamu mpaka meno ya nyuma.

"Karibuni, mama zangu! Zawadi ya mjukuu?"

"Ya mume wangu," Isaura akasema.

"Eh! Babu wa kisasa huyo!"

"Anakufa."

Tabasamu la binti likaporomoka. "Nisamehe, mama. Mdomo wangu huu..."

"Hukujua. Nionyeshe inayowahi kupata moto."

Lazima niseme ukweli, binti yule alijirekebisha. Alipunguza sauti ya muziki, akafuta kaunta kwa kiganja, akatoa ya kwanza: nyembamba, laini, kama simu.

"Hii wanaipenda sana kwa ladha yake, mama. Utamu wa majani unabaki vilevile. Tena haina harufu ya..."

"Ladha achana nayo. Iwashe."

Maite akaiwasha. Isaura akafumba macho. Midomo yake ilikuwa ikienda bila sauti. Ilichukua kitambo, kisha mashine ikatetemeka kidogo kuonyesha imeiva. Isaura akafumbua macho, akatikisa kichwa.

"Hapana. Inafika kwenye koti."

Maite akanitazama. Mimi nikatazama viatu vyangu.

Ya pili ilikuwa kijibomba cha chuma tu, hakina betri wala waya. Unakichoma kwa kiberiti cha gesi, kile cha moto mkali unaovuma, na kikilia *tik* ujue tayari.

"Kwa kasi hii haina mpinzani," Maite akasema. "Sekunde chache. Ila mkono lazima utulie. Ukipitiliza kidogo, majani yanaungua, unapata moshi badala ya mvuke."

Isaura akakishika. Moto wa buluu ukavuma, na mikono yake, iliyotunga sindano maisha yake yote bila miwani, ikaanza kucheza. Ilikuwa inamcheza hivyo tangu Heber alale kitandani. Moto ukalamba pembeni, ukarudi, ukalamba vidole vyangu nilivyovinyoosha kumsaidia.

"Isaura," nikasema, "na mablanketi yale? Na yeye akijirusha?"

Alikishusha kwenye kaunta polepole, kama mtu anayerudisha kitu alichokitamani.

"Hakuna inayokwenda upesi hivyo bila moto?"

Maite akainama chini ya kaunta, akatoa dubwana jeusi, nene, kama redio ya mlinzi wa bandarini.

"Hii ndiyo mbaya kwa sura kuliko zote. Nzito, na inakula betri mbili kwa mkupuo, itabidi uwe na nyingine kwenye chaji kila saa. Wateja hawaipendi."

"Sikuja kuchagua bwana harusi. Iwashe."

Akafumba macho tena. Midomo ikaanza kwenda, na kabla haijafika mbali, dubwana likatetemeka kwa nguvu mpaka kioo cha kaunta kikalia. Isaura akafumbua macho. Yalikuwa yamejaa maji.

"Hii."

"Ulikuwa unasali, mama?" Maite akauliza kwa upole.

"Nilikuwa napima."

Alinunua na betri za akiba. Binti akamfundisha kuisaga bangi isiwe unga sana, kuijaza bila kushindilia, kuisafisha kwa brashi. Tulipokuwa njiani, upepo wa mtoni ukitusukuma migongoni, nilimuuliza alikuwa anapima nini.

"Maneno yake," akasema. "Nilikuwa nayasema moyoni, mwendo uleule anaoyasema yeye. Ile ya kwanza inamwacha afike kwenye koti. Hii inamkata kwenye 'mtoto'."

Na kweli ilimkata. Maumivu yalikuja, Isaura akabonyeza, dubwana likatetemeka, Heber akavuta, na uso wake ukakunjuka kama kitambaa kilichopigwa pasi. Hakupata nafasi ya kutukana wala ya kumwita mtu. Hamu ya chakula ilimrudia kidogo. Siku ya ñoki, ile tarehe ishirini na tisa ya mwezi ambapo hapa kwetu kila nyumba inakanda viazi na unga kuwa vitonge vya kuchemsha, alikula nusu sahani na kuramba mchuzi. Pocho alikuja, wakazungumza habari za ngoma, nikawasikia wakicheka. Nilimwambia Isaura amefanya jambo jema.

"Eh," akasema. "Kumenyamaza."

Lakini kimya kile hakikumlaza usingizi. Niliona anapunguza kushona. Asubuhi moja alikuja kwangu na vazi la mcheza ngoma mkononi, sindano ikining'inia kwenye kifungo alichokiacha nusu.

"Zully. Hospitali, siku ile. Ni wewe uliyepokea nguo za Ademir."

Miaka yote ile hakuwahi kuniuliza habari za siku ile. Nilikaa kitako.

"Ni mimi."

"Koti lilikuwaje?"

"Isaura, ya nini sasa?"

"Lilikuwaje?"

"Walilipasua mgongoni kwa mkasi, ili walivue."

"Kwa nini mgongoni?"

Nikafumba macho nilione. Nililiona. Koti la buluu, limepasuliwa nyuma kama samaki, na mbele...

"Kwa sababu mbele lilifungwa," nikasema. "Vifungo vyote. Mpaka shingoni."

"Ademir alikuwa hajui kufunga vifungo," Isaura akasema. "Vilikuwa vidogo, nilikosea kununua. Nilimfunga mimi kila siku. Siku ile sikumfunga. Nilikuwa na pindo."

Tulitazamana. Hakuna aliyelitamka, lakini sote tulikuwa tunayasikia yale maneno: vifungo wazi, akanivuta. Mtu anayeota hawezi kujua kwamba vifungo vilikuwa wazi. Vilikuwa wazi mtoto alipotoka kwa mama, na vilikuwa vimefungwa gari lilipomkuta. Kati ya hapo na hapo palikuwa na mikono ya mtu.

Jioni ile, Heber akiwa ametulia na ameegemea mito, Isaura alimuuliza.

"Heber, ulisema mtoto alifika. Alifika wapi?"

"Nilisema hivyo?"

"Mara nyingi."

"Dawa hizo, mama. Usizisikilize." Akageuza uso ukutani. "Mtoto alishakufa. Kuna nini cha kusema?"

Akauliza tena siku iliyofuata, akajibiwa vilevile, kwa upole uleule. Akiwa hana maumivu Heber alikuwa yule yule tuliyemjua, mlango umefungwa na ufunguo kautia mfukoni. Na maumivu yenyewe Isaura alikuwa ameyanunulia kikomo.

Sitamficha katika hili, maana yeye mwenyewe hakujificha. Jumamosi mchana niliona mlango wao uko wazi, nikaingia na sahani ya supu. Heber alikuwa amejikunja, magoti yamefika kifuani. Mezani ile mashine ya Pocho ilikuwa imewashwa, taa nyekundu. Isaura alikuwa ameketi kwenye kiti, mikono mapajani, anamtazama mumewe.

"Ile nyeusi iko wapi?" Heber alikuwa anauliza. "Isaura, ile nyeusi."

"Betri imekwisha."

Haikuwa imekwisha. Ilikuwa kwenye rafu, nyuma ya sanamu ya Bikira, na kitaa chake cha chaji kilikuwa kijani. Niliiona, na kwa jinsi Heber alivyoinua macho, naye aliiona.

"Alifika wapi, Heber?"

Akauma taulo.

"Nani alimfunga vifungo?"

Alitoa taulo mdomoni. Jasho lilikuwa linamdondoka kidevuni. Hakupiga kelele.

"Usinifanyie hivi, mama," akasema. "Si wewe huyo."

Mwili wote wa Isaura ulishtuka, kama mtu aliyegongwa bega usingizini. Akainuka, akapindua kiti, akaichukua ile nyeusi nyuma ya sanamu. Akiijaza, nusu ya majani yakamwagika kwenye shuka. Mashine ikatetemeka, akamwekea mdomoni, akamshika shingo kwa nyuma kama anavyonyweshwa mtoto. "Nisamehe," alikuwa anasema. "Vuta. Nisamehe. Vuta."

Nilitaka kuondoka. Heber ndiye aliyeniinulia kidole.

"Kaa, Zully. Wewe nawe ulimlea."

Alivuta tena, akatulia, na pale pale, bila maumivu ya kumsukuma, akasema.

"Alifika. Nilikuwa nimeinamia moto, ngozi ya ngoma yangu ilikuwa inakaribia kukaza. Akanivuta suruali. Koti wazi, kifua kinapigwa na baridi. Nikamfunga vifungo. Nikamwambia rudi kwa mama yako, hapa kuna moto, utaungua. Akasema, twende wote, baba. Nikamwambia ngoma ikipoa nitaanza upya, nenda, wewe si mwanamume? Akaenda. Nilikuwa nimekwisha kuinama tena niliposikia breki."

Isaura alikuwa amesimama, mashine mkononi.

"Ulikuja mbio," akasema.

"Ndiyo."

"Ukanikuta nimeketi barabarani, nimempakata, nasema nimemuua mwanangu."

"Ndiyo."

"Ukaniambia nini?"

"Nilisema, basi, basi."

"Ulisema basi."

"Nilitaka kukuambia siku ileile. Halafu nikasema kesho, baada ya mazishi. Halafu watu wakaanza kunisifu. Nikaogopa ukijua utaondoka."

"Ningeondoka."

"Najua."

Aliiweka mashine kando ya mto, taratibu, akatoka. Alipita mbele yangu kama sipo, akaingia kwangu, akakaa jikoni. Nilipomfuata nilimkuta anajitazama viganja. Tulikaa hivyo, supu ikipoa huko nilikoiacha.

"Mwanangu alikuwa anarudi kwangu," hatimaye akasema. "Zully, hakunitoroka. Alikwenda, na alikuwa anarudi."

Alilisema mara nyingi, kila mara kana kwamba ni habari mpya. Kisha akasema, "Na alipoanza kuniambia, nikaenda dukani kutafuta kitu cha kumziba mdomo. Nikachagua chenye kasi kuliko vyote."

Ukutani pakagongwa. Mara mbili, kwa kifundo cha kidole. Ndivyo Heber alivyoita maumivu yanapoanza.

Isaura hakusogea. Pakagongwa tena, polepole zaidi.

"Nitakwenda mimi," nikasema.

"Hujui kuijaza, utashindilia." Akasimama, akajifuta uso kwa aproni. "Nakwenda kwa sababu anaumwa. Usije ukasema nimemsamehe."

"Sitasema."

Na alikwenda, siku ile na zote zilizofuata, kila mara alipogongewa. Alimlisha, alimgeuza, alimsugua miguu. Lakini hakumwita tena jina lolote la mapenzi, na wakati wa kumwekea mashine mdomoni alitazama dirishani. Heber aliomba msamaha, akamjibu, "Nimekusikia." Aliomba tena, akamjibu, "Vuta, itapoa."

Pocho alipokuja na chupa nyingine ya majani, Isaura alimsimamisha kizingitini.

"Ulikuwepo kwenye moto."

Pocho ni jitu la mtu. Nilimwona akipungua.

"Nilikuwepo, shemeji."

"Na wengine?"

"Sote. Wengine wamekufa, tumebaki wawili." Machozi yalikuwa yamemfika kwenye ndevu. "Alitupigia magoti, tukaapa. Tulidhani tunamwokoa."

"Yeye."

"Yeye, ndiyo."

"Na mimi?"

Pocho akamnyooshea chupa ya majani. Isaura akaipokea chupa, akasema ahsante, akamfungia mlango.

Heber alikufa asubuhi, jua limeshatoka, majirani wakirudi na mkate. Aligonga ukuta mara moja tu. Isaura alikuwa jikoni kwao. Alikuja, akaijaza mashine, akabonyeza, ikatetemeka upesi kama kawaida yake. Alipoipeleka mdomoni, midomo haikuipokea. Alinieleza kwamba hakuiondoa. Aliishika pale pale, na safari hii alikuwa anamtazama usoni, mpaka ikajizima yenyewe.

Mpiga ngoma kwetu hazikwi kimya. Jeneza lilipotolewa uani, wapigaji walikuwa wamejipanga barabarani, ngoma mabegani, Pocho mbele. Alikuwa ameinua mkono kuanzisha pigo la kwanza, ndipo Isaura alipotoka mlangoni na nguo yake nyeusi.

"Kwanza semeni," akasema. "Halafu mpige."

"Shemeji..." Pocho akaanza.

"Sitaki magoti wala machozi. Watu hawa wote walinizika mimi siku ile niliyomzika mwanangu. Waambie alikuwa anaelekea upande gani."

Kulikuwa na wazee waliokuwepo siku ile, na vijana waliolisikia jambo hilo kwa mama zao. Pocho akavua kofia. Kwa sauti kavu akasema yote: moto, vifungo, rudi kwa mama yako, breki, kiapo. Mwanamke mmoja mzee, ambaye jina lake nitalihifadhi, alijifunika uso kwa shali. Yeye ndiye aliyesema zaidi ya wote zamani zile. Pocho alipomaliza, Isaura akaitikia kwa kichwa, na ngoma zikaanza. Hakutembea mbele, mahali pa mjane. Alitembea nyuma kabisa, amenishika mkono, na hakulia.

Wiki chache baadaye daktari alipita kuchukua mofini iliyobaki. Isaura akamuuliza kama ana mgonjwa anayehitaji mashine. Akaja mwanamke mdogo kutoka mtaa wa pili, macho yamevimba kwa kukesha. Mumewe alikuwa fundi umeme. Isaura alimwonyesha kusaga, kujaza, kubadili betri. Ile ya mfuko ilikuwa imesharudi kwa Pocho.

"Inawahi?" yule mwanamke akauliza. "Maana akishikwa, hasemi maneno ya kusikilizika."

Isaura aliigeuzageuza mashine mkononi, mpaka nikadhani atamwambia jambo.

"Inawahi," akasema. "Mpe."

Yule mwanamke alipoondoka, akaniambia, "Angalau ningepewa mwaka mmoja, Zully. Mwaka mmoja wa kumkasirikia akiwa hai. Nimebaki na hasira yote hii na sina mtu wa kumpikia."

Heber alilazwa kwenye kaburi moja na Ademir. Alipoulizwa na watu wa makaburi, Isaura alisema mtoto hana ugomvi na baba yake. Majira ya kuchipua yalipoanza, mchonga mawe alimwita akachague maneno. Tulikwenda pamoja. Kwenye jiwe la Ademir palikuwa na maandishi ya zamani, yamefifia: *Mpendwa wetu*. Mchonga mawe akatoa mifano yake: mume mwema, baba mpenzi, pumzika kwa amani.

"Andika jina," Isaura akasema. "Jina na miaka."

"Hayo tu, mama? Nafasi bado ipo kubwa."

"Iache. Nitakuja kukuambia nikiweza."

Hapo ni miaka miwili iliyopita. Isaura hupeleka maua kila mwezi, hulipangusa jiwe la mtoto kisha la baba, na mchonga mawe akimwona humsalimia, akangoja kidogo asikie kama ana neno. Bado hajamwambia kitu.